Tenda ipo, uwezo uko wapi?

Tangu sheria ya Februari 2017 itenge kandarasi ndogo kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo, simu yangu hapa Lubumbashi haipumziki. Anayepiga huanza vilevile: kuna tenda ya kulisha wafanyakazi wa mgodi huko Kolwezi, niandikie mkakati. Wiki inayofuata ni tenda ya mabasi, au ya kumwagia barabara maji ili vumbi litulie. Nikimuuliza kampuni yake inajua kufanya nini, ananitumia picha za magari.

Sheria ile imesema nani anaruhusiwa kuomba kazi. Nani ataiweza, haikusema.

Kuna karakana moja Kampemba inayotengeneza jeki za tipa, zile zinazoinua bodi la gari likimwaga mawe. Mwenyewe ni wa rika la baba yangu, kwa hiyo namwita Papa. Naye alikuwa ameingiwa na ile tenda ya chakula. Nikamuuliza: "Papa, watu wanaokuletea jeki kutoka Likasi wanapita karakana ngapi njiani?"

"Nyingi."

"Mbona hawasimami huko?"

Akanipeleka kwenye mashine yake ya kukerezea vyuma, mpya, ambayo deni lake bado analipa. Mashine nzuri. Lakini ya aina ileile nilikuwa nimeiona kwa majirani zake wawili, barabara hiyohiyo.

Nikaomba nikae pale siku tatu. Siku ya pili kapita, yaani msimamizi wa mafundi, alimfokea kijana mmoja hadi wote tukanyamaza. Kosa lake? Alikuwa ameosha jeki kabla ya kuandika. Pale kila jeki inayofunguliwa huandikwa kwanza: gari gani, linafanya kazi wapi, chuma kimelika upande upi na kwa kiasi gani, oili imetoka na rangi gani. Yote hayo yako katika madaftari ya shule, marundo kwa marundo, mengine yameliwa na panya pembeni. Ndiyo maana kapita anaweza kuitazama jeki na kusema haina kosa, ni gari linalopakiwa upande mmoja. Rekebisheni upakiaji, la sivyo mtarudi mwezi ujao. Watu wa Likasi wanalifuata neno hilo. Mashine hawana habari nayo.

Mwanauchumi Edith Penrose alilitenganisha jambo hili mwaka 1959: kitu ulicho nacho ni kimoja, na kazi ambayo kitu hicho kinaweza kukupa ni nyingine. Mashine moja ikiwa mikononi mwa vikosi viwili hutoa kazi mbili tofauti. Waliokuja baadaye, kama Jay Barney mwaka 1991, waliongeza vipimo: kina thamani, ni adimu, ni vigumu kuigwa? Mimi nimebaki na swali moja la kienyeji: nikiwa na dola mkononi, naweza kukinunua kesho? Mashine, ndiyo. Miaka ya madaftari na tabia ya kuandika kabla ya kuosha, hapana.

Tena mtu alijaribu. Mshindani aliwavuta vijana wawili wa Papa kwa mshahara mkubwa zaidi. Baada ya miezi sita mmoja akarudi. Kule walikuwa wanaandika vizuri tu, akaniambia, ila hakukuwa na mtu wa kusoma. Ujuzi waliondoka nao. Uwezo ulibaki Kampemba, kwa sababu ulikuwa katikati ya watu, si ndani ya mmoja wao.

Kapita huyo alifundishwa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Alitoka na ule mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 na 2004, pamoja na wenzake zaidi ya 10,000. Kampuni ile ilitoa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 2003 hazikufika 20,000. Mukuba, yaani shaba yenyewe, haukuhama ardhini. Malango yalikuwa yaleyale, jina lilelile. Lakini pesa za matengenezo zilikuwa zimechotwa kwenda kwingine, mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na mwaka 1992 na 1993 Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakiwemo wengi walioijua mitambo ile kama nyumba zao. Nikiulizwa uwezo wa kampuni ni nini, siku hizi naacha michoro yangu ya kompyuta na kutaja hesabu hizo mbili za tani.

Turudi kwenye chakula. Penrose ana hoja nyingine inayonisaidia kila wiki: kampuni hukua kwa kasi ambayo viongozi wake waliozoeana wanaiweza, maana wapya hula muda wa wazee kabla ya kufaa kitu. Papa ana watu watatu wanaoweza kuamua jambo yeye akiwa safarini: kapita, msimamizi wa stoo, na binti yake anayeshika hesabu. Jiko la watu 400 lingewameza wote watatu, na jeki zingebaki na nani?

Nilichomshauri ni kuuza kile madaftari yanachokijua: awe anakagua tipa zikiwa bado kazini na kusema ipi itakufa lini. Ufundi ni uleule, biashara ni nyingine, na inadai mambo asiyo nayo: mtu wa kuandika ripoti ya Kifaransa ambayo mhandisi wa mgodi ataiamini, na kifua cha kungoja malipo siku 60, mara nyingine 90. Kwa hiyo aanze na mwenye magari mdogo anayelipa kila mwisho wa mwezi. Migodi baadaye.

Kisha kuna kapita mwenyewe. Anakaribia miaka 70, na ni yeye tu anayesoma madaftari yale haraka. Magari mapya yana vipimo vinavyojiandika vyenyewe. Yeye anaviita michezo ya watoto. Dorothy Leonard-Barton aliandika mwaka 1992 jinsi kile kinachoipa kampuni nguvu kinavyoweza kuja kuikaza viungo, na nikimtazama mzee huyu akikisukuma kando kipimo cha elektroniki, namwelewa mama yule vizuri. Nikasema pesa ya kwanza isinunue chuma: ilipe vijana wawili wakae naye kila Jumamosi, na mmoja awe anajua kompyuta.

Papa hakufurahi. Alinilipa nusu, nusu nyingine hadi aone matokeo.

Nilipita pale Jumamosi moja. Binti wa shule ya ufundi alikuwa anasoma kwa sauti daftari la 2011, kapita anamkatiza kila mstari wa pili: "Upande wa kushoto, mama, siyo kulia." Nje, kwenye lango, Papa alikuwa kwenye simu, anauliza bei ya gunia la maharagwe.