Nani kakwambia umeme ukikatika mlango wa kadi unafunguka?

Wiki hii tu nimeulizwa mara tatu. Jana ni mama mmoja ana ofisi ghorofa ya pili, nimeshatoa drili kwenye mkoba ananiambia, "Fundi subiri kwanza, si umeme ukikatika mlango unaachia wezi wanaingia?" Mumewe pembeni anamkatalia, eti ukikatika mnafungiwa ndani. Jamani!

Inayoachia umeme ukikatika ni sumaku, ile yenye nguvu ya kushika kilo 280 inayofungwa juu ya mlango. Ile inashika kwa umeme tu, na imetengenezwa hivyo makusudi ili moto ukitokea watu watoke. Inakula karibu nusu ampea usiku na mchana, kwa hiyo betri ya akiba ya volti 12 ya 7Ah (yaani ampea moja kwa masaa saba) kwa hesabu za karatasi inakupa masaa 14, ikishachoka hata nusu yake hufiki.

Mimi kwenye mlango wenye kitasa kizima siweki sumaku, naweka straiki. Straiki inakaa kwenye fremu, pale pale kwenye kibati ambacho ulimi wa kitasa unaingia, ukigusisha kadi inalegea ulimi unapita. Kitasa chako cha zamani haking'olewi. Zipo za kuachia umeme ukikatika na zipo za kubaki zimefunga, ya ofisi nachukua ya kubaki imefunga, na wa ndani anatoka kwa kukandamiza mkono wa kitasa kama siku zote, haihitaji umeme wala kadi wala baraka za mtu.

Ila kitasa kiwe cha silinda, kile ambacho ukizungusha funguo kinavuta na ulimi. Kile kingine funguo inasogeza komeo peke yake, na kwa kuwa mkono wa nje tunauua (tusipouua si kila mpita njia anakandamiza anaingia), hapo umeme ukikatika utabaki nje kweli, mume wa yule mama angekuwa na nusu ya haki. Na mchana msifunge komeo kwa funguo halafu mnipigie simu kwamba kadi haifungui!

Nilivyomaliza pale nikazima swichi, nikachomoa na betri, nikamwambia mama vuta. Akavuta, wapi. Akachomeka funguo yake ya siku zote, ina utepe mwekundu, mlango huo ukafunguka. Mzee akaenda kujibu simu.

Mengine haraka haraka. Kadi haikopiki? Hizi za bei chee za masafa ya 125 kHz zinakopiwa ukiwa umeshika chai, na hata kadi aina ya Mifare Classic siri yake ilishavunjwa tangu 2008, sema unataka aina ya DESFire. Kipedi cha nje, kile kibao cha kubonyeza namba au kugusisha kadi, kinatosha chenyewe? Kama rilei, ile swichi inayoamrisha mlango ufunguke, imo humo humo, mtu anafungua skrubu, anagusisha waya mbili, kaingia, kwa hiyo kontrola, boksi lenye hiyo rilei, ikae ndani, nje kibaki cha kusomea kadi tu.

Halafu kuna hili la "funga tu fundi, mlango utajizoea". Hauzoei kitu. Ulimi ukibana kwenye straiki kadi inalia tii na mlango haufunguki, lawama kwangu. Kama mlango wako mpaka uusukume na nyonga ndo ujifunge, anza na seremala, mimi nitakuja kesho yake.