Fimbo ya ethi pembeni mwa mota haitoshi

Kwenye mitambo ya mkonge huku Tanga, wapo mafundi wanaoamini kuwa mota inayoendeshwa na draivu ya kubadilisha kasi ikichimbiwa fimbo yake ya ethi hapohapo, basi waya wa ethi wa kurudi kwenye draivu hauna kazi. Sikubaliani nao hata kidogo.

Tuanze na mota isiyo na draivu. Tuseme ethi yake ni fimbo tu, yenye ukinzani wa omu 20 (na kwenye mchanga mkavu wa pwani, kuushusha hadi hapo ni jasho). Fezi, yaani waya wenye umeme, ikigusa bodi ya mota, volti 230 zitasukuma ardhini ampea zisizozidi 11.5. Breka ya ampea 32 haikati, na bodi inabaki na umeme.

Draivu inaongeza balaa jingine. Inakata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara mkondo kidogo huvuja kupitia kebo na bodi ya mota, ukitafuta kurudi kwenye draivu ulikotoka. Ukikosa njia fupi hupita hata kwenye beringi. Ipasue beringi iliyokufa hivyo: njia ya gololi ina mistari ya kijivu iliyojipanga kama migongo ya bati. Wengi hulaumu grisi.

Waya wa ethi upite ndani ya kebo ileile ya mota hadi tominali ya ethi ya draivu. Wavu wa shaba unaozunguka nyaya ndani ya kebo ubanwe pande zote mbili kwa klampu inayoukumbatia mzima. Ukiusokota kuwa mkia mrefu umeuharibu. Fimbo ya ziada iweke ukipenda, ila iungwe na ethi hiyohiyo.