Ibada ya Krismasi yenye watoto: dhana ninazozisikia kila mwaka

Kuanzia Novemba, kamati za ibada hapa Mombasa huniita nizisaidie kuandaa ibada ya Krismasi ya familia, na kila mara huambiwa jambo lile lile: kwamba kuacha nafasi ya mabadiliko ni kuacha kupanga. Nimelichoka neno hili. Ratiba inayoweza kufupishwa ibada ikiendelea hudai maandalizi mengi kuliko ratiba isiyoguswa, kwani ni lazima muamue mapema kipi kitabaki kwa vyovyote na kipi kinaweza kuondoka. Vya kubaki ni vichache: Injili, sala, nyimbo mbili tatu ambazo kila mtu anazijua bila kitabu, na baraka. Mashairi, nyimbo za kwaya na igizo viandikiwe dakika zake, na mtu mmoja tu apewe mamlaka ya kuviondoa.

Mwaka mmoja, binti aliyepewa nafasi ya Mariamu alikwama Likoni akingoja feri, nayo kamati ikawaweka waumini karibu saa nzima katika joto la Desemba wakimsubiri. Alipofika, kondoo wetu wadogo, waliobandikwa pamba mwili mzima, walikuwa wamelala sakafuni mbele ya madhabahu, jasho likiwachuruzika shingoni. Tangu siku hiyo ninasisitiza kwamba igizo lisitegemee mtoto mmoja. Msomaji asome Luka 2:1-20 polepole, watoto waingie kwa kufuata maneno, na binti yeyote aliyepo ajitande leso ya mama yake awe Mariamu. Ngoma na kayamba ziwe karibu vilevile, kwa sababu stima ikipotea kinanda hakitalia.

Wapo wanaoamini kuwa kufupisha ni kumvunjia Mungu heshima. Kanisa Katoliki, katika mwongozo wake wa Misa za watoto wa mwaka 1973, liliruhusu masomo yapunguzwe hata libaki moja, mradi Injili isiachwe.

Wengine hutaka watoto wapelekwe chumba cha nyuma ili wakubwa wasali kwa utulivu; hiyo si ibada ya familia. Tandikeni mkeka mbele kabisa, kando ya mlango wa ubavuni, kwa maana mtoto anayeona hutulia kuliko anayetazama migongo ya watu, na mama mwenye mtoto mchanga hutoka bila kupita katikati ya kanisa.

Kuhusu mamajusi, Mathayo hakusema walikuwa watatu. Mtoto wa nne anayelia kwa kukosa nafasi avikwe joho aingie.

Hatimaye kuna mishumaa, ambayo watu huiona kuwa lazima. Feni huizima, na feni zikizimwa watoto hawawezi kustahimili joto hata dakika kumi. Kwa hiyo wapeni taa ndogo za betri, na mshumaa mmoja wa kweli ubaki madhabahuni mikononi mwa mtu mzima.