Traka yako inafanya kazi mezani halafu inakufa barabarani? Angalia umeme kwanza

Juzi kijana mmoja kaniletea traka yake, yani kifaa cha kujua gari iko wapi, ndani ya kikopo cha plastiki, kile cha kubebea chakula, humo kapanga Arduino Uno (bodi ndogo ya kuendesha programu), moduli ya SIM800L (ile ya kuweka laini ya simu), jipiesi ya NEO-6M (ya kusoma mahali) na waya za rangi zote zimesukana kama kiota cha ndege. Akaniambia, "Fundi, hii kitu nyumbani Tororo inatuma meseji vizuri kabisa, nikaifunga kwa lori ya mjomba, kufika mbele ya Bugiri ikanyamaza mpaka leo." Sikufungua hata laptopu. Nilimuuliza tu hiyo moduli inakula umeme kutoka wapi, akanionyesha waya mwekundu umetoka kwa pini ya 5V ya Arduino. Basi, kesi ikaisha hapo.

Mimi ni fundi umeme wa malori hapa Malaba, upande wa Uganda, na hizi traka za kujitengenezea nimezifunga na kuzifungua sana. Karibu zote zinazoletwa kwangu zikiwa zimekufa, mwenyewe amekesha siku tatu anabadilisha kodi (si ile ya URA, wale watu wa ushuru wa Uganda, namaanisha programu) wakati programu haina shida yoyote. Shida ni umeme. Na si kwamba umeme hakuna, upo, ila haupo kwa ile nukta moduli inapouhitaji.

Iko hivi. SIM800L inataka volti 3.4 mpaka 4.4. Sasa angalia hapo penyewe, bodi zetu hizi zinatoa 5V ama 3.3V, moja imezidi na nyingine haifiki, yani moduli imekaa katikati kama mtu aliyekosa kiti kwenye teksi. Wengine wanaweka dayodi moja (kile kijidude cha kupitisha umeme upande mmoja tu) ili ile 5 ishuke iwe 4.3, kwa karatasi inaonekana sawa. Lakini volti ni nusu ya hadithi. Simu ya GSM, na moduli hii ni simu ya GSM, haiongei mfululizo, inaongea kwa vipande: kila milisekunde 4.6 inapewa zamu yake ya kama nusu milisekunde hivi, inapiga kelele, inanyamaza, inasubiri zamu tena. Unakumbuka zamani simu ikiwa karibu na redio, kabla haijalia unasikia kwa spika trrr trrr trrr? Ndiyo hiyo, zamu 217 kwa sekunde moja. Na kwa kila zamu moduli inaweza kumeza mpaka ampea 2 kwa mpigo. Ukiipima kwa mita ya kawaida utaona wastani mdogo tu, utasema ah, hii haili kitu, kumbe mita yako ni nzito haioni ile mipigo.

Sasa swali la kijana, mbona Tororo ilikuwa inafanya? Kwa sababu mnara ulikuwa jirani. Mnara ndio unaoiambia simu iongee kwa sauti gani, ukiwa karibu unaambiwa nong'ona, ukiwa mbali unaambiwa piga kelele mpaka mwisho, ambayo kwa bendi ya megahezi 900 ni wati 2. Mezani moduli ilikuwa inanong'ona, inakula umeme kidogo, pini ya Arduino ikavumilia. Lori ikatoka mjini, mnara ukabaki nyuma, moduli ikaambiwa paza sauti, volti ikaporomoka chini ya 3.4, ikazima. Ikajiwasha. Ikatafuta mtandao, ikapiga kelele, ikazima tena. Hivyo hivyo mpaka Kampala. Yani hii kitu inakufa palepale inapotaka kuongea, na inakufa zaidi pale unapoihitaji zaidi.

Utajuaje bila vifaa vya gharama? Angalia kile kitaa chake kidogo. Kikipepesa karibu kila sekunde, inatafuta mtandao. Kikipepesa mara moja kwa kila sekunde 3, imeshika. Kikipepesa haraka haraka mara kadhaa halafu kinanyamaza halafu kinaanza upya, usipoteze muda na programu, hiyo inajizima. Na kuna amri moja ya kuiandikia moduli ambayo watu wanaidharau, AT+CBC, inakurudishia volti ambayo moduli yenyewe inaiona, kwa milivolti. Mimi traka zangu zote nimeziambia kila zikituma mahali gari ilipo zitume na hiyo namba. Haioni kila mpigo, lakini ukiona leo 3980, kesho 3700, keshokutwa 3550, unajua kuna waya unalegea kabla dereva hajakupigia.

Tiba yenyewe ni rahisi ila fanya kwa mpangilio. Lori ina betri mbili, 24V, na injini ikiwaka oltaneta inapandisha mpaka kama 28. Weka kishusha-volti cha LM2596, kinavumilia mpaka 40V kuingia, kirekebishe kwa bisibisi mpaka mita isome 4.0 KABLA hujaunganisha moduli, nimeandika herufi kubwa kwa sababu nimeshachoma mbili mimi mwenyewe kwa haraka. Halafu kapasita ya maikrofaradi 1000, na iwe pale pale miguuni pa moduli, si mwisho wa waya. Hiyo kapasita ni kama pipa la maji pale nyumbani, bomba linaleta kidogo kidogo lakini ukitaka kuoga unachota kwa pipa. Ukiliweka pipa mtaa wa pili halikusaidii. Na waya zenyewe zile nyembamba za mazoezi, na vishikio vyake, zikifikisha tu robo ya ohm, zidisha kwa ampea 2, umepoteza nusu volti njiani, ile 4.0 yako imefika 3.5 na bado hujaanza safari. Lehemu waya nene, fupi.

Fyuzi ya ampea 1 weka karibu na betri, siyo karibu na kifaa, manake unalinda waya usiwashe lori moto. Na ongeza dayodi ya kuua mishtuko upande wa kuingilia, ile ya TVS. Sababu yake: tanboi (msaidizi wa dereva) akilegeza terminali ya betri wakati injini inawaka, oltaneta inarusha volti inayopita hiyo 40 mbali sana, na LM2596 ikipasuka inaweza kuipitisha yote kwa moduli yako.

Kitu kingine cha haraka, mguu wa RX wa SIM800L, ule wa kupokea data, unapenda 2.8V na Uno inatoa 5, kwa hiyo pitisha kwa rizista mbili zilizo sawa, za kilo-ohm 10, upate 2.5, inaelewa vizuri. Ama uachane na Uno kabisa. Nawaambia wanaoanza leo, chukueni ESP32, bodi ndogo nyingine yenye waifai ndani. Uno ina kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu na siri (serial, njia ya kuongea na vifaa vingine) moja ya kweli, sasa jipiesi inataka siri, moduli ya laini inataka siri, unaishia kuigiza ya pili kwa programu na herufi zinadondoka njiani. ESP32 inazo tatu. Wengine wananiuliza, lakini ESP32 si ina waifai, laini ya nini? Waifai ya nani huko Naluwerere saa nane usiku? Waifai yake mimi naitumia yadini: lori ikiingia getini inamwaga kumbukumbu zote za safari kwa kompyuta ya ofisi bila kula bando. Barabarani ni laini, nyumbani ni waifai, kila moja na kazi yake.

Sasa sisi wa mpakani tuna balaa letu la ziada. Lori imelala hapa Malaba, lakini mnara wa upande wa Kenya unasikika vizuri kuliko wa kwetu, moduli inahamia huko kimyakimya na salio linaisha bila gari kusogea hata futi moja. Uliza AT+CREG? ikikujibu 0,1 uko nyumbani, ikikujibu 0,5 uko ugenini. Dawa ni AT+COPS, unaipa namba ya kampuni ya laini yako, za Uganda zinaanza na 641 na za Kenya 639. Ila usiifungie kabisa kama hiyo lori inaenda Mombasa, tumia ile modi ya 4, inajaribu kwanza mtandao uliouchagua, ikiukosa ndio inatafuta mwingine yenyewe.

Kwa bando, fanya hesabu kidogo. Ukituma kila dakika ni mara 1440 kwa siku. Kwa njia ya HTTP, ile ya kurasa za intaneti, kila ujumbe unabeba maneno mengi ya salamu, sema baiti 500, hiyo ni kama megabaiti 21 kwa mwezi. Kwa MQTT, njia nyingine ya kutuma ujumbe ambayo salamu zake ni fupi, unaweza kukaa kwenye baiti 100, ni kama 4 hivi. Hiyo MQTT ilibuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na mwenzake Arlen Nipper kwa ajili ya kuchunga mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako kila baiti ilikuwa na bei, kwa hiyo shida yao ilikuwa kama yetu tu. Na usitupe ujumbe ulioshindikana. Katikati ya msitu wa Mabira traka zangu hupoteza mtandao, basi zinaandika kwa kadi ya kumbukumbu, zikitoka upande wa pili zinatuma yote pamoja na saa yake.

Kuhusu hiyo saa: jipiesi inatoa saa ya Greenwich, wewe ongeza 3. Na mwenye lori ukimwandikia 18:40 bila kuongeza atamgombeza dereva ati alipaki saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, wakati mwenzake kapaki saa tatu na dakika arobaini usiku akiwa hoi.

Lakini aibu yangu kubwa haikuwa saa. Mzee mmoja mwenye malori matatu alinipigia usiku, "Fundi, gari yangu inafanya nini huko Mubende? Mzigo ni wa Mbarara!" Nikafungua ramani, kweli bwana, lori iko katikati ya Mityana na Mubende, tena si barabarani, iko ndani ndani kwa mashamba. Tukampigia dereva, akapokea huku anatafuna, anasema mzee mimi niko Masaka nakula. Mzee hakuamini, alishaanza maneno ya kumfukuza. Nikaomba dakika kumi, nikaangalia mstari mbichi wa jipiesi, vile ilivyoutoa yenyewe, ndani yake kuna 0020.1,S na 03144.5,E. Unaiona hiyo S? Mimi sikuiona. Kodi yangu ilisoma namba ikaruka herufi, kwa sababu mimi naishi Malaba, nimejaribu kila kitu kati ya hapa na Kampala, na maisha yangu yote herufi ilikuwa N, yani kaskazini ya ikweta, S ni kusini. Lori ilipovuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, kwenye zile duara nyeupe watu wanapiga picha, ramani yangu ikaigeuza kama kioo: kadiri dereva alivyoenda kusini ndivyo nilivyomwona anapanda kaskazini. Nilimpigia dereva kumuomba radhi mwenyewe. Alicheka, lakini sidhani kama amesahau.

Hapo hapo kuna mtego wa pili, 0020.1 maana yake ni digrii 0 na dakika 20.1, lazima ugawe hizo dakika kwa 60 upate 0.335. Maktaba ya programu ya TinyGPS++ inafanya yote hayo, pamoja na N na S. Mimi nilijifanya mjanja nikaandika yangu.

Wenye magari wanapenda sana kuniomba niweke rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kuzima injini kwa meseji. Nakataa. Lori imepakia tani kibao inateremka, unaizima injini, usukani unakuwa mzito kama jiwe na pampu ya upepo wa breki imesimama. Ninachokubali ni kuzuia stata isiwake wakati gari imepaki, basi. Na dereva aambiwe kwamba kuna traka, Uganda ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na hata bila sheria, dereva akigundua mwenyewe waya uliofichwa ataukata na utakuwa humjui aliyeukata. Kama gari inabeba mzigo wa transiti, ile sili ya kielektroniki ya URA ni kitu kingine kabisa, usiisogelee hata kwa kidole.

Kijana na kikopo chake tulikaa Jumamosi nzima. Uno tuliiacha akaifanyie mazoezi, tukaweka ESP32, tukalehemu upya, antena ya laini tukaitoa ndani ya bati la gari tukaibandika kwenye dashibodi, ya jipiesi tukaiweka chini ya kioo iione mbingu. Lori ya mjomba imeondoka jana kuelekea Katuna. Ujumbe wa mwisho nilioona leo asubuhi umetoka Lukaya, una herufi S, na volti 3.98.