Klarineti Inayolia Harusini

Ukisikia klarineti ikilia kwa kwikwi, usidhani kuna msiba. Huenda bibi harusi ndiyo kwanza anaketishwa kitini. Klezmer ni muziki wa sherehe wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wasemaji wa Kiyidishi, na harusi ndiyo iliyowapa wapigaji riziki. Jina limetokana na Kiebrania: vyombo vya wimbo. Baadaye likawa jina la mpigaji mwenyewe.

Wengi huamini klarineti ilikuwapo tangu mwanzo. Sivyo. Aliyeongoza alikuwa mpiga fidla, akisindikizwa na tsimbl, chombo cha nyuzi zinazogongwa kwa vijiti. Klarineti ilipata nafasi katika karne ya 19, kwa sehemu kupitia bendi za kijeshi, ikarithi kazi ya fidla: kuiga sauti ya mwimbishaji sala wa sinagogi. Ndiyo asili ya ile kwikwi. Kwa Kiyidishi huitwa krekhts, mguno; sauti hukatwa ghafla, kama mtu aliyebanwa na kilio. Ajabu ni kwamba klarineti hiyohiyo hujua pia kucheka.

Mpenzi wa taarab hatajiona mgeni hapa. Mojawapo ya ngazi kuu za sauti za klezmer, freygish, inafanana sana na maqam Hijazi, ngazi ya muziki wa Kiarabu: sauti ya pili imeisogelea ya kwanza, ya tatu ikaruka mbali.

Klarineti ilitawala hasa New York. Mpiga klarineti Naftule Brandwein, kutoka Galicia, eneo la Ulaya Mashariki, alifika Marekani mwaka 1908. Husimuliwa kwamba alikuwa akiwapa wasikilizaji mgongo ili wapinzani wasimwibie ujanja wa vidole. Dave Tarras, aliyewahi kupiga katika bendi ya jeshi la Urusi, alifika mwaka 1921. Upigaji wake ni mtulivu na msafi zaidi. Mimi humpenda Brandwein, pamoja na fujo zake.

Santuri zao ziligeuka hazina, kwani Wanazi waliwaua wapigaji wengi waliobaki Ulaya. Miaka ya 1970 vijana wa Marekani walizirudia, na mmoja wao, Andy Statman, akaenda kujifunza kwa Tarras mwenyewe, aliyekuwa mzee tayari.

Kwa kuanzia, tafuta doina, aina mojawapo ya vipande vya klezmer. Haina mdundo wa kuhesabu: vyombo vingine hushikilia sauti chini, klarineti ikizunguka juu yao peke yake. Usiizime mapema. Mara nyingi dansi hufuata papo hapo, na hapo ndipo watu huinuka.