Linki peke yake haijazi watu: dhana potofu kuhusu kukuza jamii za sayansi mtandaoni

Tangazo la aina hii naliona sana kwenye magrupu: "Karibuni mjiunge na jamii yetu ya sayansi, bonyeza linki hapo chini," halafu emoji za darubini na majani, halafu kimya. Mwenye tangazo anasubiri kidogo, analirudia lilelile, mwishowe anaanza kulaumu watu, eti vijana wetu hawapendi sayansi, wanataka mpira na umbea tu. Hapo mimi nakataa kabisa. Watu wetu wanapenda, mtoto yeyote akiona kinyonga anavuka njia anasimama. Shida ni kwamba sisi tunaowaalika tumeshika mambo ambayo siyo kweli kuhusu nini kinamleta mtu, na zaidi sana kuhusu nini kinamfanya abaki.

"Linki ikisambaa sana jamii itakua"

Kuja watakuja, hilo sibishi. Mradi wa Galaxy Zoo, ambamo watu wa kawaida waliwasaidia wanaastronomia kupitia mtandao, ulipofunguliwa Julai 2007, kazi ilikuwa kuangalia picha ya galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, na kusema ina umbo gani, basi. BBC wakaitangaza, na ndani ya siku moja wakawa wanapokea majibu kama 70,000 kwa saa, mwaka wa kwanza yakapita milioni 50 kutoka kwa watu zaidi ya 150,000. Ukisikia hivyo unasema si ndiyo hayo, tutangaze tu. Ngoja kwanza. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofuatilia miradi 7 ya Zooniverse, ambayo ni jukwaa la miradi kama hiyo lililozaliwa kutokana na hiyo Galaxy Zoo, watu zaidi ya 100,000 kwa siku 180 za mwanzo za kila mradi, na ikaonekana wengi waliingia mara moja, wakafanya kidogo, wakaondoka, halafu asilimia 10 tu ya wachangiaji ndio waliobeba karibu asilimia 80 ya kazi yote.

Kwa hiyo tangazo linakuletea wapita njia. Sasa ukitaka kujua hao wachache wanaobaki wanabaki kwa nini, angalia dhana inayofuata, maana jibu limo humo.

"Wanaofaa ni waliosoma sayansi"

Hanny van Arkel alikuwa mwalimu wa shule huko Uholanzi. Mwaka 2007 huohuo yuko Galaxy Zoo anapitia picha, akaona kitu cha bluu karibu na galaksi inayoitwa IC 2497, hakifanani na chochote alichoambiwa atakiona. Akauliza wenzake kwa lugha ya kawaida tu, jamani hiki ni nini? Hakuna aliyemwambia nenda kasome kwanza. Wanaastronomia walilichukua swali lake kwa uzito, wakaelekeza darubini kule, baadaye hata Hubble, darubini iliyoko angani, ikapiga picha, na ikajulikana ni wingu kubwa mno la gesi lililowashwa na mwanga mkali uliotoka katikati ya ile galaksi zamani, chanzo chenyewe kikiwa kimeshafifia. Wingu hilo wataalamu wanaliita kwa jina lake mpaka leo, Hanny's Voorwerp, yaani kitu cha Hanny.

Na hakuwa peke yake. Wachangiaji wengine wa mradi huohuo walianza kukusanya vigalaksi vya kijani vya duara, wakaviita njegere, wakawa wanaonyeshana na kutaniana, wataalamu wakaingia kuwasikiliza, na 2009 ikatoka makala ya kisayansi kuhusu hizo njegere. Mara zote mbili mtu asiye na cheti cha fani ile kauliza, na kuna mtu kamjibu. Ukiniuliza mimi jamii ya sayansi inakuzwa na nini, nitakwambia ni hilo, mtu mpya aulize ajibiwe, tena ajibiwe mapema na kwa heshima. Mabango na video nzuri ni vya baadaye.

"Tukifungua mlango kwa kila mtu, data itaharibika"

Hii inasemwa na wataalamu wenyewe, na mfano wa kuijibu uko hapahapa nyumbani. Kuanzia 2010 watafiti waliweka kamera 225 ndani ya Hifadhi ya Serengeti, eneo la kilomita za mraba 1,125, zinajipiga zenyewe mnyama akipita. Picha zikawa nyingi kuliko uwezo wao, seti milioni 1.2, ndipo Desemba 2012 wakaziweka Zooniverse kwa jina la Snapshot Serengeti, mtu yeyote aangalie aseme ni mnyama gani na wako wangapi. Watu zaidi ya 28,000 waliojiandikisha, na maelfu wengine ambao hata hawakufungua akaunti, walitoa majibu milioni 10.8. Walipolinganisha na majibu ya wataalamu, jina la mnyama lilikuwa sahihi kwa karibu asilimia 97.

Siri ni kwamba hakuna anayeaminiwa peke yake. Picha moja inapita kwa watu wengi na kinachochukuliwa ni kile walichokubaliana. Mtu mmoja anaweza kumchanganya swala tomi na swala granti, mbona ni rahisi kuwachanganya, ila wapo wengine watakaoona ule mstari mweusi mzito ubavuni wa swala tomi, au wakiangalia nyuma waone weupe wa swala granti umepanda mpaka juu ya mkia wakati wa tomi unaishia chini yake. Na hapa nasema kwa uchungu kidogo, picha ni za Serengeti, sisi ndio tunaowajua hao wanyama kwa majina tangu utotoni, inafaa tuwe wengi humo kuliko tulivyo.

iNaturalist, jukwaa ambalo mtu anaweka picha za mimea na wanyama aliowaona na wengine wanasaidia kuwatambua, nako ni hivyohivyo, picha yako haipandi kufika daraja la utafiti mpaka iwe na tarehe, mahali, kiumbe awe wa porini siyo wa kufugwa au kupandwa, na zaidi ya theluthi mbili ya waliomtambua wakubaliane. Ikifika hapo, kama leseni uliyochagua ya wengine kutumia picha yako inaruhusu, inaingia GBIF, hazina ya kimataifa ya taarifa za viumbe yenye ofisi yake Copenhagen, na mtafiti popote pale anaweza kuitumia.

"Bila kamera kubwa na bando kubwa huwezi"

Simu ya kawaida inatosha, na kama ndege amejificha kwenye majani rekodi sauti yake tu, iNaturalist inapokea sauti pia. Bando nalo siyo kikwazo cha kumfukuza mtu, unapiga picha ukiwa shambani bila intaneti kabisa, unakuja kupandisha jioni ukipata Wi-Fi.

Kitu kinachowaumiza wageni kwelikweli ni kingine na hakitajwi kwenye matangazo. Mtu anapiga picha ya ua, anaituma WhatsApp kwa rafiki yake mwenye akaunti ili ampandishie, na WhatsApp ikiibana ile picha inafuta taarifa za mahali na tarehe zilizokuwa ndani yake. Rafiki anaipandisha, inakaa bila mahali, haina thamani kwa mtafiti, na mwenye picha anaona kimya anafikiri wamemdharau. Mwambieni aitume kama dokyumenti au, nzuri zaidi, afungue akaunti yake apandishe mwenyewe. Na kwa mimea mwambieni mapema asipige ua peke yake, apige jani mbele na nyuma, shina, na mmea mzima, maana kuna mimea mingi maua yake yanafanana mno.

"Tutawaonyesha majangili wanyama walipo"

Wasiwasi huu ni wa haki na usijibiwe kwa kumcheka mtu. Kwa spishi zilizo hatarini iNaturalist yenyewe inaficha mahali halisi, umma unaona alama iliyotupwa popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, ambao huku kwetu karibu na ikweta ni kama kilomita 22 kila upande. Hata kama kiumbe ni wa kawaida, tuseme mjusi ukutani kwako na hutaki watu wajue unapokaa, unaweza kuchagua mwenyewe mahali pafichwe.

"Zawadi na vocha zitawaleta watu"

Kuhusu hizo sina mengi, zinavuta watu wa zawadi, na mashindano ya nani ana picha nyingi yasipoangaliwa yanajaza picha za maua ya vyungu sebuleni.

"Lazima iwe Kiingereza"

Majina ya kisayansi ni yaleyale dunia nzima, mtu wa Brazili na mtu wa Lushoto wanakutana hapo, na picha haina lugha. Maelezo na maswali yaandikwe kwa Kiswahili tu, mzee anayejua dawa za miti au mvuvi anayejua samaki kwa majina asishindwe kuingia kwa ajili ya Kiingereza, huyo ana elimu ambayo wengi wetu hatuna. Mtu mpya akiweka picha yake ya kwanza, asilale bila kujibiwa. Mwandikieni hivi: "Shikamoo mzee, karibu sana, huyu anaonekana ni kinyonga, ulimkuta wapi, juu ya mti au chini? Ukipata picha ya kichwa kwa pembeni tutaweza kujua ni yupi." Na kama hakuna anayejua jibu, semeni hamjui, halafu mtajeni mtu anayejua kundi hilo kwa jina lake la akaunti, atapata taarifa aje aangalie mwenyewe.