Mvulana wa Lamu na bei ya saa yake

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yanapotangazwa, mabaraza ya Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, hupata mada ya wiki nzima. Wanaume wamekwisha. Wasichana wametuacha. Mtoto wa kike anasomeshwa, wa kiume ametupwa. Kazi yangu ni uchumi wa ajira, kwa hiyo watu hunitaka nitoe hukumu, na hukumu yangu huwaudhi wa pande zote mbili. Wanaume kwa jumla yao hawajaachwa nyuma. Wapo wanaume wanaozama, na ni wengi, lakini ni wa aina moja, na kinachowazamisha hakikuletwa na wasichana.

Hesabu zenyewe ni hizi. Mtihani wa KCSE wa 2024 ulikuwa na watahiniwa 962,512, na wasichana waliwazidi wavulana kidogo tu kwa idadi. Wasichana huongoza katika Kiswahili na Kiingereza, wavulana katika hesabu na fizikia. Ukitoka nje ya Kenya pengo ni pana zaidi: ripoti ya UNESCO ya 2022 ilionyesha kwamba katika elimu ya juu duniani kuna wanaume 88 kwa kila wanawake 100. Na katika PISA, majaribio ya kimataifa yanayofanywa na vijana wa miaka 15, wasichana huwashinda wavulana katika kusoma karibu kila nchi inayoshiriki.

Watu wakisikia hivyo hudhani ni jambo la kizazi hiki. Claudia Goldin, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alirudi nyuma na wenzake hadi mwanzo wa karne iliyopita, wakakuta kwamba katika vyuo vya Marekani wanawake na wanaume walikuwa karibu sawa kwa idadi hadi miaka ya 1930. Kisha wanaume wakapaa. Mwaka 1947 walikuwa 2.3 kwa kila mwanamke mmoja, na sababu kubwa ilikuwa sheria iliyowalipia karo askari waliorudi kutoka Vita vya Pili. Kufikia 1980 wanawake walikuwa wameziba pengo lote, na baada ya hapo wakapita. Napenda kuukumbusha mwaka huo wa 1947 kwa wale wanaolalamika kwamba msichana wa leo anabebwa na serikali. Mwanamume naye aliwahi kubebwa, tena mgongoni.

Sasa turudi kwetu, maana sababu za Marekani hazielezi Kizingitini, kijiji cha wavuvi huku Lamu.

Karo ni sehemu tu ya gharama ya shule. Sehemu nyingine, isiyoandikwa kwenye risiti yoyote, ni pesa ambazo mtoto angezipata lau asingekuwa darasani. Mvulana wa miaka 15 pale Kizingitini anaweza kuingia mashuani alfajiri akarudi na fungu lake. Akiwa Mokowe atabeba mizigo gatini. Akiwa Amu, yaani mji wa Lamu, ataswaga punda wa mchanga na mawe hadi kwenye nyumba zinazojengwa Shela. Akiwa Malindi atapewa pikipiki ya abiria na mwenye nayo, ampelekee hesabu jioni na kinachobaki kiwe chake. Tuseme, kwa mfano tu, kinabaki shilingi 500. Dada yake wa umri huohuo hana anayemwita. Akibaki nyumbani atateka maji, atapika, atalea wadogo zake, na hakuna atakayemlipa hata ndururu.

Kwa hiyo saa ya mvulana ina bei na saa ya msichana haina. Shule inamgharimu mvulana shilingi 500 kila siku anapokaa darasani, na kwa msichana haigharimu chochote anachoweza kukishika mkononi. Ubaguzi uleule uliomfungia msichana bahari na gati ndio uliomwacha kwenye dawati. Sijui kama kuna kejeli kubwa kuliko hiyo katika fani yangu.

Simaanishi msichana hana la kumtoa shuleni. Analo, nalo ni zito: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Lakini mimba ni tukio, na tangu miaka ya 1990 ipo sera ya kumrudisha shuleni aliyejifungua, hata kama utekelezaji wake unategemea mwalimu mkuu ni nani. Shilingi 500 haina sera ya kumrudisha mtu. Inamvuta mvulana kidogokidogo, Ijumaa moja, kisha Alhamisi na Ijumaa, hadi jina lake linaachwa kuitwa kwenye daftari.

Ubaya wa hizo shilingi 500 ni kwamba hazikui. Akiwa na miaka 25 ni zilezile, na bei ya unga wa ngano imepanda. Akiwa na miaka 40 mgongo unauma na vijana wapya wenye pikipiki mpya wanamnyang'anya abiria. Dada yake aliyemaliza shule akawa muuguzi au mwalimu alianza akiwa hana kitu, lakini mshahara wake hupanda daraja kwa daraja. Mistari hii miwili hukutana mahali fulani baada ya umri wa miaka 25. Hapo ndipo baraza linaposhtuka na kusema wanaume wamekwisha, ilhali jambo lenyewe lilikwisha kuamuliwa miaka 10 kabla.

Mzee yeyote wa Faza atakuuliza: mbona sisi tuliacha shule na tukajenga nyumba? Swali la haki. Zamani bahari ilikuwa na ngazi. Mtoto alianza kwa kufua maji chomboni, akawa baharia, akawa nahodha, na mwenye bahati akamiliki jahazi. Kipato kilikua pamoja na umri kwa sababu ujuzi ulikuwa na bei. Ngazi hiyo imekatwa vipande, na vipande vingi vimekatwa kwenye kumbukumbu za watu walio hai. Mwaka 2011 watalii walivamiwa na kutekwa Kiwayu na Manda, hoteli zikabaki tupu. Uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa sababu za usalama, na marufuku hiyo ikadumu miaka. Ujenzi wa bandari mpya ya Lamu ulivuruga maeneo ya uvuvi kiasi kwamba mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka huohuo serikali ilisimamisha ukataji wa miti nchini, na wakata mikoko wa Pate na Ndau wakajikuta shoka zao hazina kazi. Utalii wa mashua, uvuvi, boriti: zote kazi za wanaume. Mwanamke anayesuka makuti na mikeka aliumia pia, lakini hakuna aliyemwambia aache kusuka.

Kisha ikaja gati ya kwanza ya bandari mpya, Mei 2021. Mashine za kupakua makontena zinataka opereta mwenye cheti. Meli zinataka baharia mwenye vyeti vya STCW, mkataba wa kimataifa wa 1978 kuhusu mafunzo ya mabaharia. Kijana aliyekulia Siyu anajua mkondo wa maji kwenye kila mlango wa bahari, anajua upepo wa kusi ukianza ni wapi pa kujificha, na haya yote hayamsogezi hata hatua moja mbele ya dirisha la kuombea kazi. Serikali ya kaunti, iliyoanza 2013 na ambayo ndiyo kimbilio la wengi wanaotafuta mshahara wa mwezi, nayo huanza kwa kuuliza karatasi. Kila mlango mpya uliofunguliwa Lamu katika miaka hii umefunguliwa kwa ufunguo wa cheti, na aliyeacha shule akiwa na miaka 15 hana ufunguo.

Hapo Wamarekani na sisi tunakutana tena. Miaka ya 1950 wanaume wapatao 97 kwa kila 100 wa umri wa kufanya kazi, miaka 25 hadi 54, walikuwa kazini au wakitafuta kazi. Sasa ni kama 89. Waliotoka wengi wao ni wasio na shahada. Wenye shahada wanaendelea vizuri, ahsante.

Huku juu kwenye madaraka, kwa kweli, mwanamume hajatikisika. Uchaguzi wa 2022 uliwapa wanawake viti 7 vya ugavana kati ya 47, na hata hivyo ulionekana muujiza; Pwani ilipata gavana wake wa kwanza mwanamke, Fatuma Achani wa Kwale. Lamu Mashariki, jimbo la nahodha na wavuvi, lilimchagua Ruweida Obo, mwanamke aliyekuwa rubani. Ni habari njema, nami nilifurahi. Lakini viti 40 vya ugavana kati ya 47 si dalili ya jinsia iliyokwisha.

Na yule dada aliyemaliza shule naye ana kizuizi chake, kinachomsubiri mbele kidogo. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa Kenya mwaka 2021 ulikuta wanawake hutumia takriban mara 5 ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa. Hata Denmark, yenye shule za chekechea kila mtaa, mapato ya mwanamke baada ya mtoto wa kwanza hushuka na kubaki chini kwa karibu asilimia 20, ya baba hayatikisiki. Mvulana hukwama akiwa na miaka 15, msichana hukwama akiwa na miaka 28. Ukiwapima wote wakiwa na miaka 18 utasema msichana ameshinda. Ukiwapima wakiwa na miaka 45 utasema jingine.

Kuna hoja mbili za barazani ambazo nimechoka kuzisikia. Ya kwanza ni kwamba taulo za hedhi za bure, zilizowekwa kwenye sheria mwaka 2017, zimewapokonya wavulana. Zimewapokonya nini? Mvulana hakosi siku za shule kwa hedhi. Ya pili ni kwamba mvulana hana akili ya kukaa. Nenda madrasa yoyote ya Amu saa za jioni. Wavulana walewale wanaosemwa hawatulii wamekaa chini safu kwa safu, wanahifadhi juzuu nzima. Wanatulia pale wanapoona mwisho wa safari na mtu wa kuufuata.

Mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipojaribu kupiga marufuku muguka, aina ya miraa inayotafunwa, mazungumzo yote Malindi yalikuwa juu ya vijana wa kiume na mashavu yao yaliyovimba. Mji huo una kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, tangu 2015, na wengi wanaopanga foleni pale ni wanaume. Sidharau madhara. Ila nilitamani mmoja wa viongozi aulize kijana yule anayetafuna alikuwa ana kazi gani ya kuwahi asubuhi.

Nini kifanyike? Kumwambia mvulana shule ni ufunguo wa maisha ni kupoteza pumzi. Yeye anaona pesa taslimu. Kinachofanya kazi ni kupunguza bei ya saa zake za darasani. Likizo ya Novemba na Desemba huangukia mwanzo wa pepo za kaskazi, bahari inapotulia na samaki kuwa wengi. Aende baharini wakati huo, apate chake, arudi Januari. Vyuo vya ufundi vifungue masomo ya jioni kwa mwenye pikipiki. Na kwa yule ambaye ameshatoka, ana miaka 30 na mikono inayojua kazi, Kenya ilizindua mwaka 2024 mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili fundi apimwe kwa anachokijua apewe cheti. Ni sera nzuri kwenye karatasi. Kwa fundi wa majahazi wa Matondoni itakuwa nzuri siku mtahini atakapopanda mashua kumfuata kisiwani, amkute ametia mbao mkukuni, ampime hapohapo, badala ya yeye kuacha chombo cha watu na kupanda basi hadi Mombasa akaeleze kwa mdomo jinsi anavyokijenga.